Jina Lisilotajwa kwa Mwalimu Xiong

Katika mji huu wa Jingzhou hakuna mtu anayeyajua mapenzi kuliko mimi. Muulizeni yeyote anayekula tambi zangu pale Lango la Mashariki. Mimi mwenyewe niliolewa kwa sababu mshenga alikosea mlango: alikuwa anamtafuta binti wa jirani, akakuta chai yetu imeshaiva, akaona uvivu kutoka. Mume akadumu, na hayo ndiyo masomo yangu yote, ukiacha shule ya msingi.

Habari hii sehemu niliiona kwa macho yangu, sehemu nikasimuliwa na wenyewe, na yale ambayo hakuna aliyetaka kunisimulia nimeyajaza mwenyewe, maana watu hawa nawajua.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nne, mvua imekatika kidogo, na kila mwenye miguu alikuwa ametoka. Watalii wanapanda ukuta wa mji, watoto wanalilia puto, akina mama wanarudi sokoni na mizizi ya yungiyungi ikichungulia mifukoni, na foleni ya tambi zangu za supu imepinda hadi kwa fundi baiskeli. Juu ya ukuta Mwalimu Xiong alikuwa ameshika kipaza sauti chake. Alifundisha historia sekondari tangu ujana. Alipostaafu, wanafunzi waliisha lakini historia haikuisha, kwa hiyo kila Jumapili anapanda ukutani kuwafundisha wapita njia, wapende wasipende.

"Kaskazini yenu pale," anasema, na sauti inashuka hadi ndani ya sufuria zangu, "ndipo palipokuwa mji mkuu wa dola ya Chu. Dola yenye hariri, yenye dhahabu, yenye muziki uliowaumiza wengine kwa wivu. Akaja nani? Akaja yule Bai, jenerali wa dola ya Qin. Akauchoma mji. Akachoma na makaburi ya wafalme wetu. Makaburi, jamani. Marehemu walimkosea nini?"

Miaka elfu mbili na mia tatu imepita, lakini ukimsikiliza Mwalimu utadhani yalitokea Jumanne iliyopita na polisi bado wanaandika maelezo. Anasema ukoo wao wa Xiong ni wa wafalme wa Chu wenyewe. Xiong maana yake dubu, na kwa umbo lake sibishi.

Basi katikati ya umati huo akaja binti yake wa pekee, Peilan. Alikuwa anatoka kwenye onyesho, bado amevaa kanzu ndefu nyekundu yenye mikono mipana na pindo jeusi, lakini chini yake viatu vya michezo, na mikono ile ya kifalme ameifunga kwa mipira ya kubania nywele isimsumbue. Begani alikuwa na se. Se ni ala ya nyuzi ishirini na tano, ndefu kama mlango, inalazwa chini na kupigwa kwa vidole; ndiyo wanayoifukua kwenye makaburi ya Chu kila wakichimba msingi wa nyumba. Ya Peilan ilikuwa mpya, imetengenezwa kwa mfano wa zile za kale. Alipogeuka kumsalimia mtu, mkia wa ile se ukageuka naye, ukapiga bakuli la kijana aliyekuwa amesimama anakula, na tambi zote zikammwagikia.

"Samahani, kaka. Nimekuunguza?"

Kijana hakuyatazama hata mapaja yake. Aliitazama ala. "Nani kakupa uibebe hivi?"

"Nimejipa mwenyewe. Nimekuuliza kama umeungua."

"Nimeungua, ndiyo. Lakini mimi ngozi itaota nyingine. Hii haioti. Ona hapa pembeni, vanishi yake haijakomaa, imeshaanza kuchubuka."

"Kumbe wewe daktari wa mbao?"

"Fundi. Nimekuja kuanza kazi karakana ya ala za nyuzi, ile ya ng'ambo ya handaki la maji la ukuta."

"Basi, fundi, una tambi sikioni."

Akapapasa sikio, kumbe kweli. Wakacheka wote wawili, na mimi nikiwa na mwiko mkononi nikajua kwamba hapa nitapoteza bakuli moja la tambi na sitadai.

Alikuwa kijana mrefu, shati la buluu lililofuliwa hadi likawa kama maji, vidole vyeusi kwenye kucha kwa sababu ya utomvu wa mti wanaoutengenezea vanishi. Jina lake lilikuwa Shuowen. Akashika mkia wa se, Peilan akashika kichwa, na ndipo Mwalimu akashuka kutoka ukutani, bado ana jasho la vita.

"Kijana mwenye adabu," akasema. "Wa ukoo gani wewe?"

Hapo nilimwona kijana anabadilika rangi. Maana alikuwa amesimama pale muda wote wa somo, na kila neno lilikuwa limemwingia. Ukoo wake ulikuwa Bai. Tena si Bai wa kuokota. Alitoka wilaya ya Mei, kule Shaanxi, nchi ya Qin, alikozaliwa jenerali mwenyewe. Macho yake yakazunguka, yakaangukia kibao cha fundi baiskeli: LIU, MATAIRI NA PANCHA.

"Liu," akasema. "Liu Shuowen."

"Wa wapi?"

"Changde."

"Hunan," Mwalimu akafurahi. "Basi wewe ni Chu mwenzetu."

Kijana akainamisha kichwa kama mtu anayekiri, na watu wakadhani ni heshima.

*

Mapenzi yao yalikwenda kwa miguu ya se. Mara vidaraja vinavyobeba nyuzi vimelegea, mara uzi umekatika, mara kuna mlio usioeleweka. Kwa hesabu ya Peilan, hakuna ala iliyougua kama ile katika mji mzima. Alikuwa anaibeba kwenye pikipiki yake ya umeme, imefungwa kwenye blanketi la maua, anapita mbele yangu anatazama mbele kama mtu anayekwenda benki.

Jioni, Peilan anapiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Mkate na siki."

"Mtu wa Hunan gani anakula siki? Pilipili zako umemwachia nani?"

"Tumbo linaniuma," anasema Shuowen.

"Na unaongea kama umemeza changarawe. Watu wa Changde wanaongea laini."

"Mama yangu alikuwa na mafua nilipokuwa najifunza kusema."

Peilan anacheka hadi anakohoa. "Pole, fundi wangu. Kesho nitakuletea supu ya mbavu na yungiyungi, itakulainisha ulimi."

Simu ikikatwa, Peilan analala anatabasamu, na Shuowen anakaa kitandani anatazama ukuta. Kila siku alijiambia kesho nitasema. Lakini kila siku ule uongo ulikuwa umekula chakula cha jana na umenenepa.

Kilichomziba mdomo si Mwalimu kuwa mkali. Kilikuwa moyo wa Mwalimu. Msimu wa baridi uliopita mzee alianguka bafuni, wakamkimbiza hospitali, wakamtia kijibomba kwenye mshipa wa moyo, na daktari akamwambia Peilan kwamba mzee asishtuliwe. Tangu siku hiyo binti aliishi kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Vidonge anavyo kwenye pochi, vingine kwenye kanzu ya onyesho, vingine kwenye boksi la nyuzi. Taarifa ya habari ikianza kutaja mafuriko, anabadilisha chaneli. Akipiga simu nyumbani ikaita bila kupokelewa, anaiacha se katikati ya wimbo na kukimbilia pikipiki.

"Mama alikufa nikiwa shule," alimwambia Shuowen siku moja, wamekaa kando ya handaki. "Huyu ndiye niliyebaki naye. Naweza kuvumilia chochote, lakini si kurudi nyumbani nikute mlango umefungwa kwa ndani."

Shuowen, aliyekuwa ameshafungua kinywa kusema jina lake, akakifunga.

Na Mwalimu akazidi kumpenda. Anamwita nyumbani kila Jumamosi, anamjazia bakuli, anamweleza jinsi se ilivyokuwa ala ya waungwana wa Chu na jinsi zheng, ile ala ndogo inayofanana nayo, ilivyokuwa ala ya Qin. "Leo kila mtoto wa mjini anafundishwa zheng," anasema, "na se mpaka uifukue. Wametushinda hadi masikioni. Kula, Liu, kula."

Shuowen anakula. Kwao Mei, bibi yake alikuwa anapiga zheng kila baada ya mavuno, naye alikua chini ya ile ala kama paka.

*

Mwezi wa sita mvua zetu zile za siku nzima zikaanza. Mji wote unalalamika nguo hazikauki, isipokuwa mafundi wa vanishi. Utomvu wa ule mti wa vanishi una ukaidi wake: kwenye jua haukauki, kwenye unyevu ndio unakauka, basi karakana zinafurahi wakati sisi tunaota ukungu. Shuowen alikuwa anatengeneza se mpya, ya Peilan, ya kupigia onyesho kubwa la mwaka. Aliipaka tabaka baada ya tabaka, akachora ndege wa Chu wenye shingo ndefu, nyekundu juu ya nyeusi, na siku alipotia nyuzi zote hakuwa na subira.

Peilan alifika bila kupiga simu. Alikuwa amevaa koti la mvua la manjano na ameshika chombo cha supu. Akiwa mlangoni akasikia se inapigwa ndani, akasimama.

Kwetu se inapigwa wazi. Unagusa uzi, unauacha useme. Lakini mtu huyu alikuwa anagusa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto, ng'ambo ya kidaraja, unaukandamiza ule uzi hadi sauti inapinda: si ya juu, si ya chini, iko katikati inalia. Katika nchi hii yote kuna sehemu moja tu wanapoliza nyuzi hivyo. Ni Shaanxi. Mtu anaweza kuficha lafudhi, anaweza kuacha siki, lakini huo mkono wa kushoto unapewa ukiwa mtoto na haukutoki.

"Nani kakufundisha kuiliza hivyo?" akauliza.

Shuowen akaruka. "Umekuja saa ngapi?"

"Huo mkono ni wa Qin."

"Nilikuwa najaribu tu."

"Usiniongopee mimi kwenye nyuzi, Shuowen. Kwingine kote unaweza."

Mvua inapiga bati. Supu inapoa.

"Mimi ni wa Mei," akasema.

"Na Liu?"

Akaanza kufuta nyuzi kwa kitambaa.

"Nimekuuliza, na Liu?"

"Bai."

Peilan aliweka supu juu ya benchi polepole, kama mtu anayeweka kitu kwenye meza ya hospitali. "Kwa hiyo kila Jumamosi unakaa mezani kwetu, baba anakumwagia moyo wake, na wewe ndani unacheka. Mzee mwehu anayegombana na maiti. Umewasimulia na wenzako?"

"Sijawahi kucheka, Peilan."

"Na mimi? Mimi nilikuwa mchezo wa kupitishia mvua?"

"Nilitaka kusema."

"Lini? Mtoto wa kwanza akizaliwa? Ungemwandikisha kwa jina la pancha?" Maana Shuowen alikuwa ameshamwambia, katika kutafuta maneno, alikolitoa jina. Lilikuwa jambo baya zaidi la kumwambia mwanamke siku hiyo, lakini wanaume ndivyo walivyo: wakianza kusema kweli wanatapika yote.

Akaondoka. Shuowen akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena siku hiyo na ya pili. Kisha simu zikakoma, na zilipokoma Peilan akasema moyoni, unaona, alikuwa anapita njia tu. Akatabasamu mbele ya baba yake, akampa vidonge, akamwambia Liu amesafiri kikazi, na yeye mwenyewe akawa hali.

Kumbe simu zilikoma kwa sababu vidole vilikuwa vimevimba, haviwezi tena kubonyeza simu. Ule utomvu una kisirani. Fundi mzoefu haumgusi, lakini ukisogelewa na mtu asiyelala wala kula, unamlipa. Alikuja kwangu asubuhi moja na sikumtambua. Uso umevimba kama unga wa chachu uliosahauliwa, macho mistari miwili, mikono kama ya mtoto mchanga mnene. Akakaa kwenye kigoda cha mwisho ili asitazamwe, na meza yote ikahama.

Nikachukua simu yangu. Nina mjukuu aliyenionyesha kitufe.

"Peilan, njoo umchukue mtu wako."

"Sina mtu, Bibi Tan."

"Basi njoo uchukue hiki kilichokaa hapa. Kinanifukuzia wateja."

"Bibi, niko mazoezini."

"Mimi nimekwambia. Jicho moja limeshafunga, la pili linafikiria."

Nikasikia kiti kinaburuzwa.

Alikuja mbio na fungu la vitunguu majani, maana kwetu kila mtu anajua dawa ya utomvu ni maji ya vitunguu majani. Hakusalimu. Akamkalisha nyuma ya jiko langu, akavifikicha viganjani, akaanza kumpaka usoni kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika.

"Unaniumiza."

"Nyamaza. Bai hawalii."

"Unaniitaje?"

"Kwa jina lako. Si ulitaka?" Akapaka shingo. "Kwa nini hukupiga simu?"

Akamwonyesha vidole. Peilan akavitazama, na mkono wake ukapunguza nguvu.

"Sikuwahi kumcheka baba yako," Shuowen akasema. "Nilikuwa naogopa. Watu wengine wanaua kwa kisu. Mimi nikijitambulisha tu, mtu anaweza kufa. Ningekwambia wewe, ungekuwa na siri ya kumficha, na wewe huwezi kumficha hata homa."

"Nimemficha siku zote hizi kwamba silali."

"Basi tumeambukizana."

Peilan akacheka bila kutaka. "Unanuka kama andazi la nyama."

"Nikuoe nikiwa hivi. Nikipona nitaringa."

"Niolewe na nani? Liu au Bai?"

"Na atakayebaki hai baada ya baba yako kujua."

Mimi nilikuwa nimewapa mgongo nakata vitunguu, kwa hiyo machozi yangu yalikuwa na sababu.

*

Kujua ni jambo moja, kumwambia mzee ni lingine. Walikubaliana wamwambie, kisha wakakubaliana si leo. Na Mwalimu, aliyemwona kijana amerudi amekonda, akaamua mwenyewe: wazazi waje, watu wale pamoja, mambo yaishe. Akapanga siku. Akaagiza mkate wa samaki, ule wa samaki aliyepondwa na kupikwa kwa mvuke, maana kwetu karamu isiyoanza na mkate wa samaki si karamu. Akaniita mimi nikae kama mshenga, kwa kuwa hapakuwa na mshenga, nami nilikuwa nimeshavaa.

Peilan alikwenda kwa daktari peke yake akauliza, mtu wa hali ile akishtuka, unafanya nini kwanza. Aliandaa vidonge, akaandaa mto, akachagua kiti kisicho na pembe. Mpango ulikuwa kwanza kula, mzee ashibe, anywe dawa yake ya mchana, ndipo Shuowen aseme, kwa sauti ya chini.

Wazazi wakafika kwa treni. Mzee Bai ni mkulima mwenye mabega ya mlango, mkewe mwanamke mfupi mwenye macho ya kuona kila kitu, wamebeba mkate wa ngano mkubwa kama mfuniko wa pipa. Stesheni Shuowen aliwaomba waitwe Liu kwa mlo mmoja tu.

"Nibadili ukoo kwa bakuli la supu?" Mzee Bai akasema.

"Si kwa supu, baba. Kwa moyo wa mtu."

"Nitanyamaza," akasema Mzee Bai. "Kusema uongo siwezi. Kunyamaza naweza."

Nyumba ya Mwalimu iko ghorofa ya kwanza. Alikuwa amevaa koti jekundu lililoiva na amechana nywele kwa maji. "Mzee Liu, karibu sana. Safari ilikuwaje?"

Mzee Bai akaendelea kutazama samaki.

"Mzee Liu?"

Mkewe akampiga teke chini ya meza, nililisikia. "Njema," akasema Mzee Bai.

"Mpunga vipi mwaka huu, huko Changde?"

"Mpunga sijui. Ngano ni nzuri."

"Ngano? Changde?"

"Siku hizi wanapanda kila kitu, Mwalimu," nikaingilia. "Hata kahawa nasikia." Peilan alikuwa ameshika vijiti tu. Alikuwa haoni chakula; alikuwa anatazama midomo ya baba yake, kama inageuka buluu. Shuowen alikuwa ameshika kipande kilekile cha mkate wa samaki tangu tukae, na jasho linamtiririka hadi kwenye kola.

Tukala hivyo, kama watu wanaokula juu ya barafu. Kila Mwalimu alipofungua kinywa, sisi wengine tunaacha kutafuna.

Kisha Mwalimu akasimama kabla ya dawa, kabla ya chochote kilichopangwa. Akawasha ubani mbele ya picha ya marehemu mkewe iliyokuwa juu ya kabati. "Mama Peilan hajamwona kijana," akasema, na sauti yake ya ukutani ikawa ndogo. "Shuowen, njoo. Jitambulishe mwenyewe. Jina lako kamili na kwenu, ajue anamkabidhi nani mtoto."

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mtu unaweza kumdanganya aliye hai, ukapata siku ya kumwambia kweli. Lakini aliyekufa ukimpa jina, ndilo analokwenda nalo.

Peilan akatikisa kichwa kidogo sana. Sema Liu, macho yake yalisema, nakuomba, sema Liu. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni kwenye vidonge.

Shuowen akapiga magoti. Akashika ubani, moshi ukampanda usoni.

"Mama," akasema. "Mimi naitwa Bai Shuowen. Kwetu ni Mei, Shaanxi. Jina la Liu nililisoma kwenye kibao. Nampenda Peilan, na sitaki kukudanganya wewe pia."

Mzee Bai peke yake alijinyoosha, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Mwalimu Xiong alimtazama kijana. Akaitazama picha. Akaweka mkono kifuani, akatoa sauti ndefu, akaketi sakafuni, kisha akalala.

Peilan alilia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Vidonge vikamwagika, vikaingia chini ya kabati, tukawa wote kwa magoti tunapapasa. Ni Shuowen aliyefanya jambo la maana: alijitwika mzee mgongoni, uzito wote ule wa dubu, akafungua mlango kwa teke na kushuka ngazi. Sisi nyuma. Peilan pembeni yake, ameshika mguu wa baba yake ambao kiatu kimetoka.

"Baba, nitamwacha," alikuwa anasema. "Usife. Nakuapia, nitamwacha leo leo, harudi tena, baba, nitamwacha."

Shuowen alisikia kila neno, nilikuwa nyuma yake nikaona shingo ilivyoingia mabegani. Hakupunguza mwendo. Aliongeza. Akapita kwa fundi baiskeli, akapita meza zangu, watu wanajitupa pembeni, na alipofika njia panda mbele ya lango, pumzi zimemwishia na jasho limemziba macho, akakata kulia.

"Kushoto, Bai," ikasema sauti juu ya mgongo wake, ile ya ukutani, haina hata mkwaruzo. "Hospitali iko kushoto. Na angalia, hapo pana matope."

Shuowen akasimama. Peilan akasimama, kiatu mkononi. Mikono ya mzee, badala ya kulegea, ilikuwa imekaza vizuri shingoni mwa kijana, kama mtu aliyepata kiti na haoni sababu ya kukiacha. Jicho moja lilikuwa wazi. Lilipokutana na la binti yake, likafumba haraka.

"Baba," akasema Peilan. "Nimekusikia."

"Mimi sijasema kitu," akasema Mwalimu Xiong.